Kutafuta Rufiji Hendon

Nilikwenda Hendon kutafuta Rufiji. Mpwa wangu, ambaye ndiye mwenyeji wangu London, aliposikia hivyo alicheka sana. Yeye huwapeleka wanawe mara kwa mara kwenye Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, kwa kuwa kiingilio ni bure na mvua ikinyesha watoto hawalowi. "Mjomba," akaniambia, "pale kuna Spitfire na Lancaster. Rufiji umeiacha nyumbani."

Nimekulia Utete, na hapo utotoni hapakuwa na mzee asiyekuwa na neno la kusema juu ya manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko ya delta. Mabaki ya manowari hiyo, Königsberg, yalionekana mtoni mpaka miaka ya 1960. Ukienda Fort Jesus, Mombasa, utakuta mzinga wake mmoja umewekwa uani, watalii wanapigia picha. Lakini wazee wetu walisimulia pia habari za ndege, na hizo ndizo zilizonisumbua. Delta ya Rufiji iliona ndege za kivita kabla miji mingi ya Ulaya haijaziona, na sikuwahi kukutana hata na msumari wa ndege hizo katika makumbusho yoyote ya kwetu. Nikasema, kama kipo kitu, kitakuwa kwa wenyewe waliozirusha.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, ile ya Northern, tukashuka Colindale, tukatembea kupita magorofa ya Grahame Park. Mtaa huo wote umejengwa juu ya kiwanja cha zamani cha ndege, na barabara zake zimepewa majina ya marubani na ya ndege. Jina la mtaa linatokana na Claude Grahame-White, mfanyabiashara na rubani aliyeanzisha kiwanja cha Hendon mwaka 1911. Mwaka huohuo ndege ziliondoka hapo na magunia ya barua kwenda Windsor, posta ya kwanza ya angani nchini Uingereza. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1972.

Watu wengi wakiingia hukimbilia ukumbi wa kwanza, kwenye Sunderland, ndege ya baharini kubwa kama nyumba. Unaruhusiwa kuingia tumboni mwake ukaona jiko walilopikia mabaharia wa angani na vitanda walivyolalia zamu kwa zamu, maana safari ya kusaka nyambizi ilikuwa ya saa nyingi juu ya maji matupu. Wajukuu zangu walitaka kubaki humo. Mimi niliwaacha na baba yao, nikavuka uwanja kwenda kwenye jengo la zamani zaidi, karakana ya Grahame-White, ambayo ilibomolewa ilipokuwa na kujengwa upya ndani ya eneo la makumbusho.

Humo ndimo zilimo ndege za Vita vya Kwanza, na humo nilimkuta niliyemtafuta, au tuseme ndugu yake: Caudron G.3.

Lazima nieleze kwa nini nilisimama mbele ya ndege hiyo kwa muda mrefu hivyo. Septemba 20, 1914, Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar, kisha ikarudi kujificha Rufiji kwa kuwa injini zake zilihitaji matengenezo. Meli za Waingereza zilikuwa na kina kirefu, haziwezi kuingia deltani. Mikoko ilifunika kila kitu. Njia pekee ya kujua ilipo manowari ilikuwa kupanda juu, na mtu wa kwanza kujaribu alikuwa rubani wa kiraia aliyeletwa kutoka Durban, H. D. Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss ya kutua majini. Aliruka kutoka kisiwa kidogo cha Niororo Novemba 1914. Mara ya kwanza alipotea. Baadaye akaiona Königsberg ikiwa imefungwa chini ya miti. Desemba injini ikamwangusha mtoni, Wajerumani wakamteka.

Februari 1915 Kikosi cha Anga cha Jeshi la Majini kikaleta ndege za Sopwith zenye maboya. Hazikufaa. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kushika na panga boi nalo halipati cha kusukuma, kwa hiyo ndege iliyoruka vizuri kwenye baridi ya Uingereza ilikwenda mbio juu ya maji ya pwani yetu bila kunyanyuka. Joto na unyevu vilifumua gundi iliyoshikanisha mbao. Nilipokuwa nikiyasoma hayo kwa mara ya kwanza, nilifikiri yametiwa chumvi. Mbele ya Caudron niliamini.

Ndege yenyewe ni mbao, nguo na waya. Mwili wake ni kisanduku kifupi kilichobeba injini mbele, na ndani yake wanakaa watu wawili: mwangalizi mbele, rubani nyuma yake. Mkia haukuungana na kisanduku hicho. Umeshikiliwa na fremu za miti zilizo wazi, unaona ng'ambo ya pili. Nguo ya mabawa imekazwa kwa dawa na ukiinama chini yake mwanga unapenya, mbavu za bawa zinaonekana moja moja. Rubani akitaka kupinda huvuta waya, na bawa zima linajinyonga kidogo, kwa sababu vibawa vya kupindia kwenye ncha havikuwekwa. Mwendo wake ni kama kilomita 100 kwa saa. Basi la Mtwara lenye dereva mwenye haraka lingekwenda nayo sambamba.

Caudron iliyopo Hendon haikufika kwetu. Ilitokea Ubelgiji kabla ya kuingia katika mkusanyo wa Waingereza. Ila Caudron za aina hiyo 2, pamoja na Henri Farman 2, zilishushwa Mafia Juni 1915, kisiwa kikiwa mikononi mwa Waingereza tangu Januari. Julai 6 zikaruka kuongoza mizinga ya meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizovutwa mpaka kwetu kutoka Malta. Siku hiyo Königsberg ilinusurika. Julai 11 wakarudi. Rubani alikuwa Cull na mwangalizi wake Arnold, ndani ya Henri Farman, wakipeleka kwa redio ya nukta na mistari habari za kila kombora lilipoangukia: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Wapiga mizinga mtoni walikuwa hawaoni kitu ila miti. Mizinga ya Königsberg ikaipasua injini ya Farman. Arnold akapeleka habari kwamba wamepigwa na wanaomba boti, kisha, huku ndege ikishuka bila injini, akaendelea kusahihisha shabaha. Wakatua mtoni kichwa chini miguu juu. Cull alinaswa na mikanda yake chini ya maji, nusura azame. Boti ya Mersey iliwaokota, na siku hiyohiyo Königsberg ikateketea pale ilipokuwa. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake kumi izame nayo. Waliiopoa, wakaikokota mpaka Dar es Salaam, wakaifungia magurudumu na kuitumia katika vita vyote vilivyobaki.

Mzee mmoja anayejitolea kuongoza wageni aliniona nimeinama chini ya bawa. Akaniuliza kama ni fundi. Nikamwambia ninatoka Rufiji. Alilijua jina! Akaanza kunihadithia habari za Cull na Arnold kama watu aliokunywa nao chai, na nilipomtajia Niororo alitoa kikaratasi akaniomba nimwandikie tahajia yake. Hakunitajia, wala mimi sikumtajia, watu waliofyeka viwanja na kubeba mapipa ya petroli kichwani. Wanahistoria wanakadiria wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki kuwa karibu 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Ndege zilihitaji mafuta, vipuri na nguo, na kule ambako hapakuwa na reli wala barabara, mzigo ulikwenda kwa mabega.

Kwa kweli kumbi nyingine nilizipita haraka. Spitfire ni nzuri, sina ubishi, lakini imepigwa picha mpaka imekuwa kama nembo ya benki. Ukumbi wa ndege za mabomu ndio ulionirudisha nyuma.

Humo yamo madege mawili ya injini nne, yote ya Vita vya Pili vya Dunia. La kwanza ni Lancaster yenye namba R5868. Imepakwa rangi vizuri, imesimama kwa fahari, na ubavuni, chini ya dirisha la rubani, ina safu za mabomu madogo ya rangi, bomu moja kwa kila safari. Inahesabiwa kuwa iliruka safari 137. Chini ya hayo mabomu wameandika tambo la Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya nchi yake. Ni kejeli ya askari, nami nilitabasamu. Kisha nikakumbuka kuwa zamu ya mtu mmoja ilikuwa safari 30 na kwamba wengi hawakuzimaliza. Katika kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza waliokufa ni 55,573 kati ya warushaji wapatao 125,000. Na chini ya ndege hizo palikuwa na miji. Hamburg peke yake, Julai 1943, ilipoteza watu zaidi ya 30,000 kwa moto. Bomu dogo la rangi kwenye ubavu wa ndege halina pa kuyaweka hayo.

La pili ni Halifax W1048, na si ndege tena kwa macho ya mtu wa kawaida. Ni kutu, mabati yaliyokunjamana na mbavu zilizo wazi. Usiku wa Aprili 27, 1942 iliruka kutoka Scotland kwenda kuishambulia manowari Tirpitz iliyokuwa imejificha katika ghuba nyembamba karibu na Trondheim, Norway. Niliposoma "imejificha" nilicheka peke yangu: Wajerumani na mito na ghuba! Ilipigwa na mizinga ya kutungulia ndege, injini ikawaka, rubani akaitua kwa tumbo juu ya ziwa lililoganda, Hoklingen. Wote walitoka hai. Mmoja aliyevunjika kifundo cha mguu alibaki akatekwa, waliobaki wakatembea kwenye theluji mpaka Sweden. Barafu ikaachia, ndege ikazama. Ilikaa chini ya maji miaka 31, mpaka wapiga mbizi walipoiopoa mwaka 1973.

Uamuzi wa kuiacha bila kuipaka rangi nauona kuwa ndio uamuzi wa maana kuliko yote ndani ya jengo lile. Fundi wa makumbusho anapoikarabati ndege hubadilisha bati, huondoa kutu, hupaka rangi ya kikosi, na mwisho wake unaona ndege jinsi ilivyotoka kiwandani, yaani kabla haijafanya lolote. Lancaster ile ni nzuri kiasi kwamba mtoto anaipenda. Halifax haipendwi na mtoto yeyote. Mwana wa mpwa wangu aliitazama, akauliza, "Babu, hii iliharibiwa na nani?" Ni swali ambalo hakuliuliza mbele ya ndege nyingine hata moja.

Baada ya kumbi nikageukia nyaraka za makumbusho; huko unakwenda kwa miadi. Simu na daftari unaruhusiwa, kalamu ya wino hapana, penseli tu. Mtunza nyaraka, dada mmoja mwenye sauti ya chini, aliniwekea mto wa sifongo mezani na juu yake kitabu chenye jalada la kitambaa cha buluu: kitabu cha rubani cha kuandikia kila safari yake. Waingereza wanakiita Fomu 414, kwa jinsi jeshi lisivyoweza kukiita kitu chochote kwa jina lake.

Ningekaa nacho wiki nzima. Kurasa zake zina mistari na safu: tarehe, aina ya ndege, namba yake, rubani nani, abiria au mwanafunzi nani, kazi gani, kisha saa za mchana na saa za usiku mbalimbali. Saa za usiku huandikwa kwa wino mwekundu, kwa hiyo unafungua kitabu cha rubani wa ndege za mabomu na kabla hujasoma neno unaona rangi ikibadilika. Miezi ya mafunzo ni buluu na nyeusi. Halafu wekundu unaanza kuingia kidogo kidogo, halafu ukurasa mzima. Kila mwisho wa mwezi jumla hupigwa na mkubwa wa kikosi hutia sahihi, kama karani wa duka anavyofunga hesabu. Jina la mji huandikwa, labda na neno moja pembeni: mawingu, injini ya kulia imezimika, taa za kutafutia ndege nyingi. Basi. Mtu amerudi kutoka kwenye jambo ambalo wewe na mimi tungelisimulia mpaka kufa, naye ameandika maneno manne.

Kwa wale ambao hawakurudi, mstari wa mwisho uliandikwa na mwingine, karani wa kikosi, mwandiko umenyooka na hauna haraka. Vitabu vya waliopotea vilikusanywa katika ghala moja, ndugu wakaalikwa kuvidai. Mwishoni mwa miaka ya 1950 muda wa kudai ulikwisha, na ambavyo havikuwa na mwenyewe viliharibiwa, isipokuwa vichache vilivyowekwa kuwa mfano. Dada yule alilieleza hilo kwa utulivu wa mtu wa kazi. Mimi nilishika kichwa. Jeshi lililotunza kadi ya kila ndege, likaandika kila ilipohamishwa, na kadi nyingine ya kila ajali, likataja hali ya hewa na kosa la nani, ndilo lililoharibu vitabu vya watu wake.

Niliomba pia kuona fomu za maofisa wa Royal Flying Corps, jeshi lililotangulia kabla Jeshi la Anga halijaundwa Aprili 1, 1918. Ni karatasi moja kwa kila ofisa. Kila lililomfika linaandikwa humo kwa mpangilio wa tarehe: amehamia kikosi fulani, amelazwa kwa mafua, amekwenda likizo, amerudi, amejeruhiwa, amepotea. Mafua na mauti yana mstari wa urefu uleule. Zimewekwa kwenye mtandao pia, kwa hiyo aliye Dodoma anaweza kuzisoma bila viza, na ningemshauri mwalimu yeyote wa historia afanye hivyo.

Habari za Rufiji hasa, dada akaniambia, nikazitafute Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa, kwa kuwa mwaka 1915 ndege zile zilikuwa mali ya jeshi la majini na mafaili yao yaliishia huko. Akaniandikia alama ya rafu, AIR 1, kwenye kipande cha karatasi. Kwa penseli, bila shaka.

Tulikuwa karibu kuondoka wakati mke wa mpwa wangu alipotufuata kutoka kazini. Yeye ni mwenyeji wa Nyeri. Tulipita Gladiator, ndege ya mabawa mawili mawili. Aina hiyo ndiyo iliyomwangusha mwandishi Roald Dahl jangwani Misri Septemba 1940. Dahl alikuwa mfanyakazi wa Shell hapo Dar es Salaam, akaendesha gari mpaka Nairobi vita vilipoanza, akajiunga na jeshi na kujifunzia urubani huko. Ameandika kwamba katika wenzake 16 aliofundishwa nao, 13 waliuawa ndani ya miaka miwili. Nilitaka kusimama, ila mkwe wangu alikuwa amekwisha tangulia na kukwama mbele ya Harvard.

Watu huijua Harvard kuwa ndege ya mafunzo, ya viti viwili, imetulia, haina makuu. Huko Kenya mwaka 1953 Waingereza waliifungia mabomu ya pauni 20 chini ya mabawa na bunduki moja ya rashasha, wakaipeleka Mweiga, jirani na Nyeri, kushambulia misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walimokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye mwaka huo wakaleta Lincoln, dege la injini nne, mdogo wake Lancaster, likitokea Eastleigh, ambapo leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya. Lincoln moja imehifadhiwa katika tawi lao la Cosford.

Mkwe wangu hakuhitaji mimi kumweleza hayo yote. Alitoa simu akampigia mama yake Nyeri kwa video. Mama yule alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Simu ikazungushwa kutoka kwenye pua ya ndege mpaka mkiani.

"Ni hii, mama?"

"Ndiyo hiyo. Lakini ilikuwa na kelele. Hiyo mbona imenyamaza?"

Ni kweli. Harvard ilisifika kwa kelele, kwa kuwa ncha za panga boi lake zilizunguka kwa kasi inayokaribia ya sauti, na watu wa chini waliisikia kabla ya kuiona. Mkwe wangu akamwambia imezimwa, imewekwa watu waione tu.

"Na mnalipa kuiona?"

"Ni bure, mama."

"Afadhali," akasema, na akauliza kama watoto wamekula.